Kidonda cha mdomoni: Jinsi rangi mbili za maabara zinavyoonyesha ukali wa saratani

Mkazi wa Muthangari mwenye kidonda mdomoni kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili huwa na mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni saratani. La pili, ambalo aghalabu ndilo linalomchelewesha, ni kisu. Daktari wa meno anapomwambia kwamba lazima kipande kidogo cha nyama kikatwe na kupelekwa maabara, huenda akaomba apewe kwanza dawa ya kusukutua, aende nyumbani akafikirie. Wapo wanaoamini kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Wengine hukubali kukatwa, lakini wakisikia kwamba majibu hayatoki siku hiyo hawarudi kuyachukua.

Kipande hicho, ambacho huenda kisizidi ukubwa wa punje ya haragwe, ndicho kinachojibu maswali matatu ambayo hakuna daktari anayeweza kuyajibu kwa kutazama mdomo tu. Je, hii ni saratani? Kama ni saratani, ni ya aina gani? Na je, ni kali kiasi gani? Majibu hupatikana kwa njia ambayo imetumika kwa zaidi ya miaka 100: kutia nyama hiyo rangi na kuisoma kwa hadubini.

Makala haya yanaeleza yanayofanyika kati ya siku ambayo nyama inatolewa na siku ambayo ripoti inafika, na kwa nini kukataa kipimo hiki au kukiacha katikati kunaweza kumgharimu mgonjwa ulimi, taya au maisha.

Kwa nini macho hayatoshi

Mdomo hupata vidonda vya kila namna. Jino lililovunjika hukwaruza ulimi. Meno ya bandia yasiyokaa vizuri hutoboa ufizi. Kuvu huacha utando mweupe, hasa kwa mtu ambaye kinga yake imepungua. Vidonda vidogo vinavyouma sana huja na kwenda vyenyewe, na vingi hupona kabla ya wiki mbili kuisha.

Saratani ya mdomo mwanzoni inaweza kufanana na chochote kati ya hivyo. Inaweza kuwa doa jeupe lisilotoka likipanguswa, doa jekundu, uvimbe mgumu kando ya ulimi, au kidonda kwenye sakafu ya mdomo. Mara nyingi haiumi hapo mwanzoni, na ndiyo sababu hupuuzwa. Mtu huanza kuhangaika anaposhindwa kumeza, jino linapolegea bila sababu, au tezi inapovimba shingoni, na wakati huo ugonjwa huwa umeshasonga mbele.

Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za mdomo huanzia kwenye utando laini unaofunika ndani ya mashavu, ulimi, ufizi na midomo. Utando huo umejengwa kwa tabaka za seli zilizopangwa kama matofali. Seli changa huzaliwa katika safu ya chini, hupanda juu polepole zikitandazika, kisha hukwanguka zinapozeeka. Chini ya safu ya kwanza kuna mpaka mwembamba ambao seli hizo hazipaswi kuuvuka. Zikiuvuka na kuingia kwenye nyama ya ndani, hiyo ni saratani. Mpaka huo hauonekani kwa macho wala kwa tochi ya daktari wa meno. Huonekana kwa hadubini, tena baada ya nyama kutiwa rangi.

Kipande kinatolewaje?

Daktari huanza kwa sindano ya ganzi, ileile inayotumiwa wakati wa kung'oa jino. Kisha hukata kipande kidogo, aghalabu ukingoni mwa kidonda, mahali ambapo nyama iliyougua inakutana na nyama nzima. Katikati ya kidonda mara nyingi kuna nyama iliyokufa ambayo haina la kusimulia. Baada ya hapo hushonwa nyuzi moja au mbili, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Hofu kwamba kukata kipande hiki kunasambaza saratani ya mdomo isimzuie mtu kupimwa. Saratani husambaa kwa sababu seli zake zinaendelea kugawanyika na kupenya. Zina nafasi ya kufanya hivyo kila siku ambayo mtu anakaa bila matibabu.

Kipande kikishatolewa, saa huanza kuhesabu. Nyama iliyotengwa na damu huanza kuoza papo hapo, na seli zake hupoteza umbo. Kwa hiyo hutumbukizwa mara moja katika fomalini ya asilimia 10, dawa inayozigandisha seli katika hali ziliyokuwa nayo mwilini. Maabara huhitaji fomalini iwe nyingi, takriban mara 10 ya ukubwa wa kipande, na chupa iwe na mdomo mpana ili nyama isibanwe. Kipande kilichowekwa kwenye maji ya kawaida au kilichofungwa kwa pamba kavu kinaweza kufika maabara kikiwa hakisomeki, na mgonjwa akalazimika kukatwa tena.

Jambo hili linamhusu mkazi moja kwa moja, kwa sababu wakati mwingine ni mgonjwa au jamaa yake anayekabidhiwa chupa aipeleke maabara mwenyewe. Kabla ya kuondoka kliniki, ana haki ya kuuliza mambo matatu: dawa iliyo ndani ni fomalini? Jina lake na tarehe vimeandikwa kwenye chupa yenyewe, wala si kwenye kifuniko pekee? Fomu imeeleza kipande kimetoka sehemu gani ya mdomo? Chupa ifungwe vizuri, iwekwe wima ndani ya mfuko, na isifunguliwe njiani, kwa kuwa fomalini ina harufu kali na hudhuru macho na ngozi. Haiwekwi kwenye friza.

Nta, wembe na kioo

Maabarani, nyama ikishaganda ipasavyo huondolewa maji kwa kupitishwa kwenye alkoholi za viwango vinavyopanda. Alkoholi nayo huondolewa kwa kemikali iitwayo zailini, kisha nta iliyoyeyushwa hupenya mahali pote palipokuwa na maji. Nta ikipoa, kipande huwa kimefungwa ndani ya tofali dogo gumu.

Tofali hilo huwekwa kwenye mashine yenye wembe mkali sana. Mashine hukata vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5. Mikroni moja ni sehemu ya 1,000 ya milimita, na unywele wa kichwani ni mnene zaidi ya mara 10 kuliko kipande hicho. Vipande huelea juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa, na fundi wa maabara huviokota kwa kigae cha kioo.

Kigae hicho kikiwekwa chini ya hadubini wakati huo, karibu hakuna kinachoonekana. Seli za binadamu zikikatwa nyembamba kiasi hicho hazina rangi. Ni kama kusoma maandishi meupe kwenye karatasi nyeupe.

Zambarau na waridi

Rangi ya kwanza huitwa hematoksilini. Hutoka kwenye mti wa dawa ya rangi unaoota Mexico na Amerika ya Kati, ambao kwa karne nyingi ulitumiwa kupaka nguo. Wanasayansi wa Ulaya walianza kuitumia kwenye tishu katika karne ya 19. Ikichanganywa na shabu, hushikamana na kiini cha seli, mahali ambapo chembe za urithi huhifadhiwa, na kukigeuza kuwa cha buluu au zambarau.

Rangi ya pili ni eosini, iliyotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1870. Yenyewe hushika protini zilizo katika sehemu ya seli inayozunguka kiini, na kuzipa rangi ya waridi. Inayopendwa zaidi na eosini ni keratini, protini ngumu inayojenga kucha na nywele, ambayo hung'aa kwa waridi iliyokolea.

Anayepaka hina anaijua kanuni hii bila kuiita sayansi. Hina hushika ukucha na ngozi ya kiganja na kukaa siku nyingi, lakini bakuli la kioo ililochanganyiwa huoshwa likatakata. Rangi huchagua mahali pa kushika. Hematoksilini na eosini huchagua hivyohivyo, moja ikifuata kiini na nyingine ikifuata protini, na picha isiyokuwapo hujitokeza kwenye kioo.

Upakaji huo wote huchukua muda mfupi. Kigae huoshwa nta, hutumbukizwa kwenye hematoksilini kwa dakika chache, husuuzwa ili rangi iliyozidi itoke, kisha hutiwa eosini, hukaushwa na kufunikwa kwa kioo kingine chembamba. Kinachochukua siku ni kugandisha nyama, kuiingiza nta, na kusubiri zamu ya kusomwa na daktari wa patholojia, ambaye ni daktari aliyebobea katika kutambua magonjwa kwa kuchunguza tishu.

Kutoka rangi hadi daraja

Daktari wa patholojia huanza na swali la mpaka. Je, seli zimeuvuka? Kama zimebadilika umbo lakini bado ziko juu ya mpaka, hiyo si saratani bali ni mabadiliko ya awali, ambayo nayo hupangwa kuwa madogo, ya wastani au makubwa. Mgonjwa anayekutwa katika hali hii ana bahati ya mapema, kwani doa linaweza kuondolewa au kufuatiliwa kwa karibu kabla halijawa saratani.

Kama seli zimeuvuka mpaka, linafuata swali la ukali. Daktari huuliza: seli hizi za saratani bado zinafanana kiasi gani na seli za utando zilikotoka?

Wazo hili lina historia inayohusu mdomo wenyewe. Mwaka 1920, daktari Albert Broders wa Mayo Clinic nchini Marekani alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 537 wa saratani ya mdomo wa nje. Alihesabu ni sehemu gani ya seli iliyokuwa bado imekomaa na sehemu gani iliyokuwa imepoteza umbo, akagawanya uvimbe katika madaraja manne. Kupanga saratani kwa madaraja, jambo linalofanywa leo kwa viungo vingi vya mwili, kunadaiwa sana kazi hiyo.

Siku hizi saratani ya kawaida ya mdomo hupangwa katika madaraja matatu, ambayo kwenye ripoti huweza kufupishwa kwa herufi G na tarakimu.

G1 ni daraja la chini. Seli zimeuvuka mpaka, lakini bado zinakumbuka kazi yake ya zamani. Zinatengeneza keratini kwa wingi, na keratini hiyo hujikunja katika viduara vya waridi iliyokoza ambavyo madaktari huviita lulu. Viini havijatofautiana sana.

G2 ni daraja la kati. Lulu zimepungua, viini vimeanza kuwa vikubwa na vya maumbo tofauti, na seli zinazogawanyika zinaonekana mara nyingi zaidi.

G3 ni daraja la juu. Seli zimepoteza sura kiasi kwamba ni vigumu kujua zilitoka kwenye utando wa mdomo. Keratini ni kidogo au haipo. Viini ni vikubwa, vya zambarau nzito, na vingi viko katikati ya kugawanyika. Saratani ya aina hii huelekea kukua na kusambaa kwa haraka zaidi.

Kwa ufupi, waridi ya keratini ikiwa nyingi na viini vikiwa vimetulia, daraja huwa la chini. Zambarau ya viini ikitawala kigae na vurugu ikiongezeka, daraja hupanda.

Daraja si hatua

Hapa ndipo wagonjwa wengi na jamaa zao huchanganyikiwa. Mtu akisoma namba 3 kwenye ripoti anaweza kudhani ameambiwa saratani imefika hatua ya tatu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Daraja linaeleza tabia ya seli, na husomwa kwenye kigae. Hatua inaeleza ugonjwa umefika wapi mwilini: uvimbe una ukubwa gani, umeingia tezi za shingo, umefika mapafuni au la. Hatua hupangwa kwa kumpima mgonjwa mwenyewe kwa mikono na kwa picha za skani, pamoja na yale yanayoonekana kwa hadubini. Mtu anaweza kuwa na saratani ya G3 iliyo katika hatua ya kwanza, na mwingine akawa na G1 iliyokwisha kuingia kwenye mfupa wa taya.

Katika kuamua matibabu, hatua ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Saratani ya mdomo ya mapema mara nyingi hutibiwa kwa upasuaji. Iliyosonga mbele huhitaji upasuaji ukifuatwa na tiba ya mionzi, na kwa wengine dawa za saratani pia. Daraja huingia kama ushahidi wa ziada, hasa pale ambapo madaktari wanapima kama mgonjwa afuatiliwe tu au aongezewe tiba.

Kigae hicho hicho kina habari nyingine ambazo hazimo katika daraja. Baada ya upasuaji, daktari wa patholojia hupima kwa milimita saratani ilivyozama kwenda chini. Tangu 2018, mwongozo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani ya mdomo unahesabu kina hicho pamoja na upana: ili uvimbe uwekwe katika kundi la kwanza, lazima upana wake usizidi sentimita 2 na kina kisizidi milimita 5. Hutazama pia kama seli zinasonga mbele kwa pamoja kama ukuta au zimetawanyika mojamoja, kama zimeingia kwenye neva au mishipa, na kama kingo za nyama iliyokatwa ni safi.

Umuhimu wa habari hizo ulidhihirika katika utafiti wa hospitali ya Tata Memorial mjini Mumbai, India, uliochapishwa mwaka 2015. Wagonjwa wa saratani ya mdomo ya mapema waliotolewa tezi za shingo wakati wa upasuaji wa kwanza walilinganishwa na wale waliosubiri hadi tezi zilipovimba. Baada ya miaka 3, asilimia 80 ya kundi la kwanza walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 67.5 ya kundi la pili. Daktari wa upasuaji anayeamua kuhusu shingo ambayo kwa nje inaonekana nzima hutegemea, miongoni mwa mambo mengine, kile ambacho rangi imefichua kuhusu uvimbe wenyewe.

Rangi nyingine zinapohitajika

Hematoksilini na eosini hutosha kwa wagonjwa wengi. Zisipotosha, vipande zaidi hukatwa kutoka tofali lilelile la nta na kutiwa rangi maalumu. Mgonjwa akiambiwa "tunasubiri vipimo vya ziada", haina maana kwamba kipande kimepotea au kwamba hali imekuwa mbaya.

Kipo kipimo kinachotumia kingamwili, ambazo ni protini zinazotafuta protini nyingine mahususi na kuziwekea alama ya kahawia. Kimojawapo huitwa Ki-67, kwa jina la mji wa Kiel nchini Ujerumani kilikobuniwa, na huonyesha seli zilizo katika harakati za kugawanyika. Kingine hutafuta keratini ndani ya seli ambazo zimeharibika hadi hazitambuliki, na hivyo kuthibitisha kwamba zilitoka kwenye utando. Kingine, p16, hutumiwa kwa saratani za nyuma ya koo na findo, ambazo baadhi husababishwa na virusi vya HPV. Ipo pia rangi inayoonyesha kuvu, ambayo husaidia kujua kama doa jeupe limechanganyika na maambukizi.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kukumbuka kwamba jina la ugonjwa hutangulia daraja. Mwaka 1958, daktari wa upasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wengi. Baadaye ilibainika kwa hadubini kuwa ni saratani ya seli za limfu, wala si ya mfupa wala ya utando wa mdomo. Ugonjwa huo ambao leo unabeba jina lake hutibiwa kwa dawa, si kwa kukata taya. Kwa sababu hiyo, taya ya mtoto inayovimba haraka ni dharura, na haipaswi kukaa nyumbani ikidhaniwa kuwa ni jino.

Rangi mojawapo hupakwa mdomoni mwenyewe. Ni buluu ya toluidini, ambayo daktari huipaka kwenye doa la kutilia shaka. Sehemu inayobaki na buluu baada ya kusukutua humsaidia kuchagua pa kukata kipande. Haichukui nafasi ya kipimo cha maabara, kwa kuwa hata kidonda cha kawaida kinaweza kushika rangi hiyo. Yeyote anayeambiwa kwamba amepatikana na saratani, au kwamba hana, kwa kupakwa rangi mdomoni tu, aombe kipande kipelekwe maabara.

Daraja linaweza kubadilika

Kupanga daraja ni kazi ya jicho la binadamu aliyefunzwa. Madaktari wawili wanaweza kutazama kigae kimoja, mmoja akasema G1 na mwingine G2. Vilevile uvimbe mmoja unaweza kuwa na sehemu tulivu na sehemu kali, na kipande cha kwanza kikawa kimetoka upande uliotulia. Ndiyo maana ripoti ya baada ya upasuaji, ambapo uvimbe mzima umechunguzwa, wakati mwingine hutoa daraja tofauti na lile la mwanzo. Hiyo si ishara ya uzembe.

Mgonjwa anayetaka maoni ya daktari wa pili hahitaji kukatwa upya. Tofali la nta na vigae huhifadhiwa maabarani, na anaweza kuomba vitumwe kwenye hospitali nyingine. Kwa hiyo ni muhimu kutunza namba ya maabara iliyo kwenye ripoti.

Pa kuanzia

Chini ya Katiba ya 2010, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti, na hospitali za rufaa za kitaifa ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kwa sababu hiyo, safari ya mgonjwa wa saratani ya mdomo huvuka ngazi hizo mbili, na barua ya rufaa ndiyo inayomvusha.

Mkazi wa Muthangari, Lavington, Kileleshwa au Kawangware anaweza kuanza katika kituo cha afya kilicho karibu naye, kama vile Westlands, Kangemi au Riruta, au katika Hospitali ya Mbagathi. Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Barabara ya Argwings Kodhek, mwendo mfupi wa matatu kutoka Muthangari. Saratani ikithibitishwa, rufaa huelekezwa kwenye hospitali zenye matibabu ya saratani, ikiwemo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Ni vyema kila mtu awe amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla hajaugua. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#. Kabla ya kipande kukatwa, mgonjwa aulize kwenye dawati la SHA la hospitali ni sehemu gani ya gharama inayolipiwa na ipi atakayolipa mwenyewe, ili chupa isibaki kliniki kwa kukosa pesa za maabara.

Wakazi wanakumbushwa yafuatayo:

1. Kidonda, uvimbe, doa jeupe au doa jekundu mdomoni lisilopona kwa wiki mbili lionwe na daktari wa meno au mhudumu wa afya, hata kama haliumi.

2. Anayetolewa kipande aulize tarehe ya majibu, na aache namba mbili za simu, yake na ya jamaa.

3. Ripoti ichukuliwe na irudishwe kwa daktari aliyeomba kipimo. Ripoti iliyokaa kwenye droo ya maabara haimsaidii mtu.

4. Daktari aulizwe waziwazi: Ni aina gani? Ni daraja gani? Ni hatua gani? Matibabu yanaanza lini?

5. Nakala za ripoti na picha zitunzwe pamoja, zikiwa na namba ya maabara.

Wanaotumia tumbaku kwa namna yoyote, iwe sigara, ugoro au ya kutafuna, wako katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya mdomo, na hatari hiyo huongezeka sana tumbaku ikiambatana na pombe. Popoo inayotafunwa pamoja na tambuu nayo husababisha saratani, hata isipochanganywa na tumbaku. Kuacha kunapunguza hatari kadiri miaka inavyopita, na kwa aliyekwisha kuugua, kunasaidia matibabu kufanya kazi.

Uchunguzi wa mdomo hauna gharama unapofanywa nyumbani. Mara moja kwa mwezi, mbele ya kioo na kwenye mwanga wa kutosha, mtu aondoe meno ya bandia kama anayo, atazame midomo, ufizi na mashavu, ainue ulimi na kuuvuta pande zote mbili, kisha apapase shingo kutafuta uvimbe. Akiona jambo geni, ahesabu siku 14. Zikiisha na bado lipo, aende kituo cha afya.